Hapana Kucheka Ndani ya Studio

Jumatatu, 9 Oktoba 2023. Kabambare.

Leo nimepata kazi ya maisha yangu! Bado sijaambiwa rasmi, lakini nimeipata.

Mambo yalikwenda hivi. Madame Cécilia, mwalimu wa kutoka Kasongo, alifika jana kwa pikipiki, tope mpaka masikioni. Leo asubuhi alikuwa amekaa uani petu na dada yangu Mado. Amekuja kwa ajili ya Grâce, binti wa Mado, mpwa wangu, miaka minane. Grâce ana usonji. Neno hilo nimelijua leo. Zamani majirani walikuwa na maneno yao, na Mado alimpeleka kwa maombi mara tatu na kwa dawa za majani mara mbili. Madame amesema hakuna kitu cha kufukuza ndani ya mtoto. Ndivyo alivyoumbwa. Anahesabu, anakumbuka, anajua kila pikipiki ya hapa kwa mlio wake. Ila sura za watu hazimwambii kitu, wala yeye hazitazami.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwaka jana Direkta Gérard wa shule ya msingi alimrudisha nyumbani. Alisema haombi makubwa. Anaomba tu mtoto ajue wakati mwalimu amekasirika, ili anyamaze. Siku ile Direkta alikuwa amefura, darasa zima limejikunyata, na Grâce akaendelea kuimba mlio wa pikipiki ya Abdoul. Gia zote nne.

Madame ameleta tableti yenye mchezo. Zinatokea sura tano, sauti inauliza nani ana furaha, mtoto anagusa. Akipata, ndege anaimba. Akikosa, ngoma inapiga bum! Sura zenyewe ni vichwa vya njano vya duara, havina shingo wala mabega. Grâce alivitupia jicho moja akarudi kuhesabu kuku. Madame akasema si neno, mchezo unakubali picha za watu ambao mtoto anawajua. Aanze na watu watano: mmoja wa furaha, mmoja wa huzuni, mmoja wa hasira, mmoja wa woga, mmoja wa mshangao. Unapiga kwa tableti yenyewe, unagusa neno chini ya picha, basi. Yeye anaendelea na safari ya Salamabila, atarudi Jumamosi. Direkta naye atakuja. Mtoto akionyesha kwamba ameanza kuelewa, Jumatatu ataingia darasani na tableti itabaki hapa. Asipoonyesha, tableti itakwenda kwa mtoto mwingine wa Lusangi.

Mado akaanza kusema angeweza kupiga picha hizo mwenyewe. Nikamkatiza. Kupiga picha si kazi ya kila mwenye kidole! Nani ana studio hapa Kabambare? Nani ana pazia, kigoda na koti la suti la kuazima wateja? Miaka ishirini na miwili nimepiga picha za kadi, za ndoa, za marehemu kabla hawajawa marehemu. Mado akasema, "Yaya Grégoire," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa, "huyu mutoto hana mwaka ingine ya kupoteza." Nikamwambia alale usingizi wake wote, aniachie mimi.

Sikumwambia ninachokiona mbele. Watoto kama Grâce wako Kasongo, wako Kindu, wako kila mahali. Wote watahitaji picha. Nimeshaliona bango langu: GRÉGOIRE, MPIGA PICHA WA HISIA, MANIEMA YOTE.

Bulaimu amepita mbele ya ua mara mbili, anachungulia. Bulaimu ni yule anayejiita mpiga picha kwa sababu ana simu. Anawapiga watu picha harusini wakiwa wanatafuna. Aibu tupu.

Jumanne, 10 Oktoba

Siku ya kazi kubwa. Kwanza pazia. La zamani limeliwa na mchwa. Nikakumbuka kwamba Nadine, mke wangu, ana kitenge kipya alichoweka cha Noeli, chenye maua mekundu. Nikakipigilia ukutani kwa misumari kumi na minne. Kimependeza mno! Nadine akaja, akakiona, akanyamaza. Akabaki amesimama akisokota pindo la kitenge alichovaa. Kunyamaza ni kukubali. Mwanamke mwingine angepiga kelele.

(Mwezi jana vilevile alinyamaza namna hiyo, nilipobadilisha mtungi wake kwa tripodi ya kamera. Ikatokea kwamba nililala studio siku tatu. Sababu za kikazi. Viatu vyangu nilivikuta vimewekwa nje, na Grâce amechutama kando yake, anavitazama.)

Watu wangu watano ni hawa. Nadine mwenyewe. Mado. Abdoul wa pikipiki. Mama Dieudonnée, mjane anayeuza sombe, majani ya muhogo, hapo njia panda. Na Direkta Gérard, maana mtoto anapaswa kumjua vizuri.

Hapo nikakutana na kizuizi. Nikamwambia Abdoul acheke. Abdoul alikuwa ameshavaa koti la studio, amejifunga vifungo vyote, mikono juu ya magoti, shingo wima. Hakucheka. Nikamwambia basi akasirike. Sura ile ile. Nikamwambia aogope. Sura ile ile! Akanionyesha kidole ukutani. Ukutani kumeandikwa, kwa mkono wangu mwenyewe, rangi nyekundu, tangu mwaka niliofungua studio: HAPANA KUCHEKA. HAPANA KUFUMBA MACHO. PICHA HAINA MARUDIO.

Niliwafundisha vizuri mno, hiyo ndiyo shida. Kabambare nzima hakuna anayecheka mbele yangu. Mama Dieudonnée alinieleza kwamba mtu anayecheka kwenye picha, wajukuu watadhani hakuwa na akili. Nikakubaliana naye. Ni maneno yangu ya mwaka 2001.

Kwa mshangao nikatumia ujuzi. Mama Dieudonnée amekaa, ametulia. Nikazunguka kimya nyuma yake na kupiga sufuria kwa mwiko. GWAA! Sura haikutikisika hata unywele. Mteja wa kweli huyo! Vidole tu viliruka juu ya magoti vikatawanyika, lakini nani anatazama vidole? Nikagusa kitufe. Baada ya picha akanikimbiza mpaka kwenye kisima. Ana mbio kwa umri wake.

Direkta alikuja wa mwisho. Sura yake ilivyo, hata hakuhitaji maelekezo. Mtu huyo alizaliwa amekasirika. Alikaa akijipigapiga magoti kwa viganja, pa-pa-pa, pa-pa-pa, bila shaka kwa kukosa subira.

Picha tano. Zote safi, zote wima, zote na maua mekundu nyuma. Kazi ya bwana.

Jumatano, 11 Oktoba

Leo nimechagua maneno. Mtu mwingine angechanganyikiwa, maana sura zote tano ni moja. Lakini mimi ninawajua watu hawa. Mpiga picha huona moyoni.

Nadine: furaha. Ameolewa na mimi. Direkta: hasira, hilo halina mjadala. Mama Dieudonnée: huzuni, maana ni mjane. Abdoul: woga, kwa sababu mtu anayepita madaraja yale ya miti kwa pikipiki ni lazima aogope. Mado: mshangao. Tangu utoto wetu ananishangaa, ninavyofikiri haraka.

Mado akaweka sauti yake ndani ya mchezo. Nani iko na furaha? Nani iko na hasira? Vizuri. Tukamwita Grâce.

Na ajabu ikatokea! Mtoto ambaye hatazami picha akaitazama. Akaleta pua mpaka inagusa kioo. Akatazama chini ya picha, sehemu ya magoti, dakika nzima. Mado akanishika mkono. Nikamnong'oneza kwamba studio ni studio.

Halafu mchezo ukauliza nani ana furaha. Grâce akamgusa Direkta! Bum! Nilicheka mpaka machozi. Direkta Gérard na furaha, wapi na wapi! Nani ana hasira? Akamgusa Nadine. Bum! Nani ana woga? Mama yake. Bum! Nani ana huzuni? Abdoul. Bum! Mshangao? Mama Dieudonnée. Bum!

Tukarudia. Majibu yale yale. Tukarudia tena. Yale yale, na ngoma ile ile. Kichwa kigumu, ukoo wa baba yake huo. Ngoma ya kumi na tano ilipopiga, Grâce akaziba masikio kwa viganja na kuingia chini ya meza, akilia bila sauti. Hapo moyo wangu uliniuma, naandika kweli. Nilimpelekea ndizi. Akaipokea bila kunitazama, akaitazama mikono yangu tu.

Mado akasema mtoto habahatishi. Anayebahatisha hubadilisha, huyu habadilishi. Akauliza kama labda maneno niliyochagua ndiyo yenye kosa. Nikamkumbusha kwa upole nani mtaalamu hapa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Grâce hataki hata kuiona tableti. Akiisikia ikiwashwa anakwenda chini ya meza. Zimebaki siku mbili.

Bulaimu amekuja na simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Anajifanya mwema. Alisema amesikia shida yetu, na kwamba ana picha za harusi ya mwezi wa nane ambamo Nadine anacheka meno yote nje, na Abdoul analia huku akiimba. Nikaziangalia, kwa dharau. Nadine kweli alikuwa amefungua kinywa, na mikono imeruka hewani, na nyuma yake mbuzi. Mbuzi! Nikamuuliza Bulaimu koti liko wapi, pazia liko wapi. Akasema watu walikuwa wanacheza, hawakuhitaji pazia. Nikamwonyesha mlango.

Mado naye ameanza ukaidi. Anataka tuwaulize wenyewe. Yaani twende kwa Abdoul tumuulize alijisikiaje alipokaa kwenye kigoda! Nikamwambia mpiga picha akianza kuwauliza watu wanajisikiaje, foleni haitaisha. Akashika dole gumba lake ndani ya ngumi ya mkono mwingine, akilibana. Tabia yake tangu tuko wadogo, siku baba alipokuwa akichelewa kurudi kutoka shamba. Bila shaka ananishangaa.

Nadine ameniletea bugali bila mboga. Nikauliza. Akasema mboga iko ukutani, imepigiliwa misumari. Utani huo! Mke mwenye furaha huwa na utani.

Usiwe na shaka, Grégoire. Una mpango. Mtoto anatazama mikono ya watu, umeona mwenyewe siku ya ndizi. Basi mikono itafanya kazi! Jumamosi nitasimama nyuma ya Madame. Nikishika sikio, jibu ni Nadine. Nikishika pua, Direkta. Kidevu, Mama Dieudonnée. Kiwiko, Abdoul. Tumbo, Mado. Ndege ataimba mpaka achoke, Direkta atafungua mlango wa darasa, Mado atalala usingizi, na bango langu litapakwa rangi. Nani ataumia? Hakuna.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mazoezi tangu asubuhi, nyuma ya jiko, ili Mado asione. Nashika sikio, namwonyesha picha ya zamani ya Nadine, ya karatasi. Nashika pua, Direkta. Grâce anafuata mikono yangu kwa macho, hakosi hata kidogo. Mara ya kumi akaanza kushika sikio lake, pua yake, kidevu chake, kwa mpangilio ule ule, haraka kuliko mimi. Akaongeza na mlio wa pikipiki. Nikampigia makofi.

Akili hii imetoka upande wetu.

Abdoul alipita kwa miguu. Sikumuuliza kwa nini anatembea, nilikuwa na kazi. Grâce akamtazama mpaka akapotea, halafu akaimba gia ya kwanza ya pikipiki yake, taratibu, akaishia hapo. Nikamrudisha kwenye sikio na pua.

Jioni nimepiga pasi koti la studio, nitalivaa mimi kesho. Nimetunga na hotuba fupi. Inaanza: "Waheshimiwa, sanaa ya picha haikuanza leo." Bugali tena bila mboga. Nimeshukuru. Siku moja kabla ya ushindi mtu hali mpaka kushiba.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ninaandika nikiwa nimetulia kabisa.

Madame Cécilia alifika saa nne, tope mpaka kifuani safari hii. Direkta alikuwa ameshakaa uani, mikono nyuma kama kawaida yake, sura ya kufukuza watoto. Abdoul alikuja, Mama Dieudonnée alikuja na mwiko, hakusema wa nini. Nadine alisimama mlangoni. Hata Bulaimu! Hakuna aliyemwita.

Mado alimkalisha Grâce mkekani. Mado alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Madame akawasha tableti, nami nikasogea nyuma yake, koti limekaa, vidole tayari.

Nani iko na furaha? Nikashika sikio. Grâce akanyanyua kichwa, akaona mkono wangu. Nikalivuta sikio, ili lionekane zaidi. Akaendelea kutazama mkono. Si sikio, mkono. Nikashika sikio kwa mkono wa pili. Akaweka tableti chini. Halafu, mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo hata Mado haisikii mara nyingi, akasema:

"Mjomba iko na woga."

Uongo! Sikuwa na woga. Mikono ilitetemeka kidogo kwa sababu ya kahawa.

Lakini Mado aliketi chini, pale pale kwenye tope, na nguo yake ya kanisani, akilia na kucheka. Miaka minane, na mtoto hajawahi kusema mtu mwingine ana nini moyoni. Madame hakuandika chochote kwanza, alisahau kalamu mkononi. Halafu akageuka, akanikuta bado nimeshika masikio yote mawili. Nikajikuna.

Madame akachukua tableti, akazitazama picha zangu tano moja moja. Akamwomba Grâce ajibu tena, ngoma ikiwa imezimwa. Furaha, Direkta. Hasira, Nadine. Woga, Mado. Huzuni, Abdoul. Mshangao, Mama Dieudonnée. Kisha Madame akafanya jambo ambalo nililikataza tangu Alhamisi. Akawauliza wenyewe!

Direkta akakohoa. Alisema siku ile alikuwa na furaha sana, hakuna mtu aliyewahi kumwita apigwe picha bila sababu ya kadi. Alikuwa akipiga ngoma ya harusi kwenye magoti. "Miye sikukuwa na kasirani," akasema. "Ni sura yangu tu njo iko vile." Abdoul alisema pikipiki yake ilikufa mashine Jumapili, na yeye anasikia kama amefiwa. Mikono yake kwenye picha inaning'inia katikati ya magoti kama nguo iliyoanikwa. Mama Dieudonnée alinionyesha mwiko. Mado alisema aliogopa, anaogopa tangu mwaka jana, ataogopa mpaka mtoto aingie darasani. Akaufungua mkono. Dole gumba lilikuwa jekundu.

Nadine akaulizwa. Akasema, "Angalieni picha. Tazameni mikono, halafu tazameni ukuta."

Wote wakatazama. Wakaona maua mekundu na misumari. Mimi pia nikatazama. Kitenge kimenyooka vizuri sana.

Madame akaeleza. Grâce hatazami sura, zinamchosha. Lakini mikono ameisoma maisha yake yote, alikosa tu majina ya kile anachokiona. Mama yake amempa majina kwa sauti yake ndani ya mchezo. Mtoto alijibu sawa tangu siku ya kwanza, na tulimpigia ngoma kwa kila jibu la kweli. Akasema hivyo bila kunitazama. Mado ndiye aliyenitazama.

Nilitaka kuanza hotuba. Nafasi haikupatikana.

Kuhusu shule, Direkta alifikiri. Akasema sasa anaelewa kwa nini mtoto hakuijua hasira yake. Darasani yeye huweka mikono nyuma, tangu ualimu wake wa kwanza. Madame akamuuliza kama anaweza kuiweka mbele. Akasema ni jambo zito. Akaileta mbele, akaitazama, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema Jumatatu, saa moja na nusu, na alete daftari.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani watu wote wamempongeza Grâce. Wamempongeza Mado. Wamempongeza hata Direkta. Nabii hakubaliki kwao.

Tableti imebaki, lakini kwa Mado. Nilipendekeza ikae studio, kwa usalama. Mado alisema hapana kabla sijamaliza neno usalama. Na sikilizeni hili! Madame anataka picha mpya, watu kazini, watu sokoni, mikono na sura pamoja, ili mtoto aanze na mikono anayoijua na apande taratibu mpaka usoni. Na nani atazipiga? Bulaimu! Mwenye mbuzi!

Bulaimu alikuja kuniomba nimsaidie mwanga. Nilimwambia mwanga uko juu angani, aukute huko.

Niliwaza usiku kucha, maana yake mpaka saa tatu. Na nimegundua kosa liko wapi. Kesho nitalirekebisha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Asubuhi nilikwenda shule na Mado, tukasimama kwenye uzio wa mianzi. Nilikwenda kwa sababu za kikazi.

Grâce alikaa dawati la pili. Saa mbili ikapita vizuri. Saa tatu mtoto mmoja wa nyuma alimwaga wino, na Direkta akaanza kufura. Na Grâce, wakati huo huo, akaanza kuimba pikipiki. Gia ya kwanza. Mado akashika dole gumba. Gia ya pili. Darasa likajikunyata. Direkta akakumbuka, akaileta mikono mbele, chaki ndani yake, anaisaga, vumbi jeupe linaanguka kwenye viatu. Grâce akaona. Akanyamaza. Gia ya tatu haikuja.

Direkta akapangusa chaki viganjani. Halafu akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Aksanti, Grâce." Na akaanza kujipigapiga paja kwa kiganja, pa-pa-pa, na Grâce akamaliza wimbo kwa ndani, midomo tu ikicheza.

Mado alilia kwenye mianzi. Mimi nilikuwa na vumbi la chaki machoni, upepo ulikuwa wa upande wetu. Nikamwambia Mado nimefurahi. Akaniambia anaona, akaushika mkono wangu, akauacha.

Sasa kazi. Nimerudi studio nikiwa na nguvu mpya. Kosa nililoligundua ni hili: mikono! Sura zangu zilikuwa kamilifu, hakuna aliyezilaumu. Mikono ndiyo iliyochanganya mambo, ikapiga porojo huko chini kwenye magoti bila ruhusa. Wiki nzima ya aibu, kwa sababu ya mikono! Nimechukua rangi nyekundu na kuongeza mstari ukutani, chini ya ile mingine: HAPANA KUTIKISA MIKONO. KALIA MIKONO YAKO. Kuanzia leo kila mteja wa Studio Grégoire atakalia mikono yake, na Madame Cécilia akiona picha zilivyotulia atamfukuza Bulaimu mwenyewe. Kasongo wataomba, Kindu wataomba. Nimeanza na herufi ya G kwenye bango.

Nimemwita Nadine awe mteja wa kwanza. Amekuja, amekaa mbele ya maua yake mekundu. Nikamweleza mpango wote, mwanzo mpaka mwisho, na nikamwambia misumari nimeongeza sita, ili pazia lisitikisike. Akanyamaza, anasokota pindo. Sijamwona na furaha hivi tangu siku ya harusi.

Grâce amerudi kutoka shule, daftari kifuani. Alisimama mlangoni, akaitazama mikono ya Nadine. Kisha akaingia kimya, akavichukua viatu vyangu chini ya kigoda, akavitoa nje na kuvipanga njiani, ncha zikiangalia barabara.

Mtoto ana adabu sana. Ameniandalia viatu, na mimi sijamwambia hata kwamba ninasafiri.